Mlimani Kasulu, mshindi ni anayechelewa kufyatua

Saa kumi na mbili kasorobo, jioni ya Jumamosi, mpwa wangu alikuwa amelala kifudifudi juu ya kilima kwa dakika ya nane bila kufyatua hata risasi moja. Aliyelala ni yule askari wake wa ndani ya simu. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi la mbao nje ya saluni ya kunyoa hapa Kasulu mjini, viwiko juu ya magoti, simu yenye ufa wa kona hadi kona ameishika kwa vidole vinne kama mtu aliyebeba bakuli la supu ya moto. Kinyozi alikuwa ameacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa, nusu bado, naye anachungulia. Juu ya kioo namba ilisomeka 11. Kati ya wote walioruka kutoka kwenye ndege, hao ndio waliokuwa bado hai.

Bondeni mtu akatoka nyuma ya jiwe, akaanza kukimbia.

"Si umpige?" nikasema.

"Subiri, mjomba. Nikimpiga huyo, hawa tisa wengine watajua nilipo."

Yule mtu akavuka bonde salama, akapotelea mitini. Haikupita muda bunduki ikalia huko huko mitini, na namba ikashuka ikawa 10. Mpwa wangu hakutikisika. Akasogeza kidole gumba kidogo tu, kamera ikageukia upande mlio ulikotokea, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma mita ya maji: "Sasa wawili najua walipo."

Mimi nilikuja nyanda hizi za juu kuandika habari za bei ya maharage. Makala ya maharage ipo, itatoka siku yake. Lakini kila nilipokaa kusubiri gari au kusubiri mtu, Kasulu na baadaye Kibondo, nilikuta vijana wamekusanyika juu ya simu moja, na kila benchi lilikuwa na maneno yake: zoni, luti, skwadi, hedishoti, inalagi. Nilidhani nitakuta watoto wanaomwaga risasi ovyo. Nilichokuta ni watu wanaobana matumizi kuliko mhasibu wa chama cha ushirika.

Kwa ambaye hajawahi kulishika, gemu lenyewe ni rahisi kulieleza. Watu 100 wanarushwa kwa miavuli kwenye kisiwa, mikono mitupu. Kila mtu anaokota silaha na dawa kwenye nyumba zisizo na wenyewe. Kila baada ya dakika kadhaa duara, yaani zoni, linasinyaa, na anayebaki nje ya duara anapungua damu mpaka afe. Anayebaki wa mwisho ndiye mshindi. Wazo hilo limechukua jina lake kwenye filamu ya Kijapani ya mwaka 2000, Battle Royale, na aliyelifanya liwe gemu la dunia nzima ni Brendan Greene, mtu wa Ireland. PUBG, ambalo vijana wa hapa wanalitamka "pabji", lilitoka kwenye kompyuta mwaka 2017, na toleo la simu likafuata Machi 2018. Free Fire la Garena, kampuni ya Singapore, lilianza mwishoni mwa 2017 likiwa na watu 50 tu kwenye mechi ya kama dakika kumi, na halichagui simu. Ndiyo maana ukienda mahali ambapo simu nyingi ni za bei ya chini, utalikuta Free Fire kabla hujaulizia. Call of Duty la simu nalo lipo tangu Oktoba 2019, ila huku nililikuta kwa nadra.

Nilipewa simu nijaribu. Mechi yangu ya kwanza kabisa nikashika nafasi ya kwanza, nikaua watu saba, nikasimama pale barazani nikijiona kamanda. Mpwa wangu aliniacha nifurahi kwanza.

"Mjomba, hao ni boti."

Kumbe gemu humlisha mgeni maadui wa mashine: wanasimama wazi, wanapiga risasi angani, wanakufa kwa adabu. Ukishapanda daraja kidogo ndipo unakutana na watu. Mechi yangu ya nne nilikufa hata sijaokota kofia.

Nilikufa kwa sababu nilishuka Pochinki. Pochinki ni mji ulio karibu na katikati ya kisiwa cha Erangel, kisiwa cha kwanza na maarufu kuliko vyote vya PUBG, chenye ukubwa wa kilomita 8 kwa 8. Nyumba zake zimebanana na vitu vimejaa, kwa hiyo kila mwenye haraka anashukia hapo. Ni sawa na stendi ya mabasi siku ya mkesha wa Krismasi: siti zipo, lakini utazipata kwa kiwiko. Mpwa wangu hashuki Pochinki. Ndege inapita juu ya kisiwa kwa mstari ulionyooka, na yeye anaruka mapema au anachelewa makusudi, anaelea mbali na mstari huo hadi kwenye vijumba viwili vitatu vilivyojitenga. Akiwa bado angani anageuza kamera nyuma na kuhesabu miavuli. Hiyo hesabu ndiyo kazi yake ya kwanza, kabla ya bunduki: wangapi wameshuka jirani, na upande gani. Kisha anaokota haraka, anatafuta gari au pikipiki, anaondoka.

Anachookota nacho kina mpangilio. Bunduki ya M416 inatulia mkononi kuliko AKM. AKM inaumiza zaidi kwa risasi moja, lakini mtutu unaruka juu, na kwenye kioo kidogo chenye ufa kuurudisha chini kwa kidole si mchezo. Baada ya hapo ni dawa, vinywaji vya kuongeza nguvu, na mabomu ya moshi. Wageni huyadharau mabomu ya moshi. Nilimwona akitupa matano mfululizo ili avuke shamba la wazi lenye urefu wa mita hamsini tu, na aliyekuwa anamlenga kutoka ghorofani akamaliza risasi zake kwenye wingu.

Sasa turudi kwenye kutofyatua. Kuna sababu ya kiufundi ambayo sikuijua mpaka nilipoonyeshwa. Kwenye kona ya kioo kuna ramani ndogo, na mtu akifyatua bunduki karibu yako, ramani ile inaonyesha alama upande mlio ulikotoka. Hata nyayo za anayekimbia zinaonekana. Maana yake kila risasi unayopiga ni barua yenye anwani yako, na wanaoipokea ni wote walio jirani. Risasi isiyoua imekugharimu maficho na haijakulipa chochote. Ndiyo maana mwenye uzoefu anatafuta kile kifaa cha kuzuia mlio na kukifunga mdomoni mwa bunduki kabla hata hajafikiria darubini, na ndiyo maana anatembea ameinama pale ambapo mgeni anakimbia.

Vilima navyo vina siri yake. Katika mtindo ambao wengi wanaucheza, kamera haikai machoni mwa askari, inakaa nyuma yake na juu kidogo ya bega. Kwa hiyo ukilala nyuma tu ya ukingo wa kilima, kamera yako inaona bonde lote la mbele huku kichwa chako bado kimefichwa na udongo. Unamwona, hakuoni. Aliye bondeni hana faida hiyo, yeye anaona anga na majani. Nilipoelezwa hivyo nikatazama ng'ambo ya barabara, kule mji unakopanda na kushuka, mashamba ya mihogo yametundikwa kwenye miteremko kama nguo kwenye kamba, nikakumbuka kwamba hawa ni watoto wa Buha, nchi hii ya vilima. Tangu wakiwa wadogo wametumwa kutazama mbuzi upande wa pili wa bonde, na wanajua bila kufundishwa kwamba mtu aliyesimama kileleni kabisa anaonekana kutoka vijiji vitatu, bali aliyeshuka hatua mbili nyuma ya kilele haonekani na mtu. Sisemi gemu limetengenezwa kwa ajili yao. Nasema tu kwamba walipolikuta, somo moja walikuwa wameshalimaliza.

Somo ambalo utoto wa kijijini unalifundisha vibaya ni la nyasi. Shambani nyasi ndefu zinakuficha. Ndani ya simu zinakuficha kwa aliye karibu tu. Simu haichori nyasi za mbali, kazi ingekuwa kubwa mno kwake, kwa hiyo aliye mita mia tatu kutoka hapo anaona ardhi tupu yenye mtu amelala katikati kama samaki kwenye sinia. Wewe huku unaona nyasi zimekuzunguka, unajisifu. Vijana wawili waliniapia kwamba walicheza mwaka mzima kabla ya kulitambua hilo. Jiwe, mti na ukingo wa udongo vinachorwa kwa kila mtu. Nyasi ni za kwako peke yako.

Halafu kuna adui ambaye hana bunduki.

Pembeni mwa kioo kuna namba nyingine, ndogo, inayobadilika rangi. Hiyo ndiyo pingi: muda ambao habari inautumia kutoka kwenye simu yako hadi kwenye seva na kurudi, kwa vipande elfu vya sekunde. Seva za PUBG zimegawanywa kwa kanda, Ulaya, Asia, Mashariki ya Kati, Amerika, na kijana wa Kasulu hana ya nyumbani. Anachagua Mashariki ya Kati au Ulaya. Hebu fuata safari ya risasi moja. Kidole kinagusa kioo hapa, habari inaruka hewani hadi mnarani, inaingia kwenye njia ya mawasiliano ya nchi kavu, inakatiza nchi nzima mpaka Dar es Salaam, inazama baharini kwenye nyaya kama SEACOM, uliowashwa mwaka 2009, au EASSy wa mwaka uliofuata, inafika kwenye chumba cha mashine ughaibuni, inaulizwa "umempata au umemkosa?", na jibu linarudi njia ile ile. Mwanga ndani ya waya wa kioo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Ni kasi ya ajabu, lakini ukitoka huku hadi Ulaya na kurudi, mwanga wenyewe unakula sehemu ya kumi ya sekunde na zaidi, kabla hujahesabu mitambo ya njiani. Siku nzuri pale saluni niliona namba ikisimama karibu na 150. Mvua kubwa ilipoanza kuja ikapanda 300, ikageuka nyekundu, na askari wetu akawa anatembea kama mtu aliyeamshwa usiku.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika siku moja huko kusini baharini, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Wafanyabiashara walilia na mabenki yalihangaika. Kwenye mabenchi kama haya, nasimuliwa, walirudi kwenye bao na karata.

Pingi kubwa inavuruga hata falsafa ya kusubiri, na hapa ndipo nilipogundua kwamba mpwa wangu ana akili kuliko nilivyomdhania. Mtu angefikiri kwamba mwenye mtandao dhaifu ajifiche nyuma ya mlango, aelekeze bunduki kizingitini, amngoje anayeingia. Inakuwa kinyume. Anayetokeza kwenye kona, kwenye kioo chake yeye ameshakuona, wakati habari za kutokeza kwake bado ziko njiani zinakuja kwako. Kadiri pingi ilivyo kubwa ndivyo anavyopata muda wa bure wa kukulenga. Unakufa ukiangalia mlango mtupu, kisha unatukana simu. Kwa hiyo kijana wa huku asiye mjinga havizii milangoni. Anasubiri mbali, kwenye ukingo wa zoni, mahali ambapo adui lazima akimbie mita mia wazi akifukuzwa na duara. Kwa umbali huo ule ucheleweshaji wa pingi hauna maana sana. Akilazimika kupigana karibu, anatupa bomu ndani ya nyumba kwanza, maana bomu halihitaji shabaha ya haraka, na akiingia anachagua bunduki ya kumimina, si ya risasi moja moja.

Nyanda hizi, hata hivyo, zinamlipa kwa njia moja ambayo sijaisoma popote. Simu ikipata joto inajipunguzia kasi yenyewe, na picha zinaanza kukatika katika. Nimewaona vijana Dar es Salaam wakicheza huku feni imeelekezwa kwenye simu, wengine wanaiweka juu ya chupa ya maji baridi kati ya mechi na mechi. Kasulu jioni unavaa sweta. Simu inakaa baridi nusu saa nzima. Nilipowaambia hivyo walicheka, hawakuwa wamewahi kuhesabu baridi kuwa mali.

Lakini mlima uleule unaoleta baridi unaleta radi, na huku radi si mzaha. Umeme wa miji hii kwa miaka mingi ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, mpaka gridi ya Taifa ilipofika miaka hii ya karibuni. Siku hizi kuchaji simu si safari tena, isipokuwa wingu likijikusanya kila mtu anachomoa waya ukutani. Kwa hiyo msimu wa mvua mchezaji anaangalia anga kabla ya kubonyeza kuanza. Betri chini ya nusu na mawingu yanakuja, hachezi mechi ya kupanda daraja. Ukikatikiwa katikati unahesabiwa umeshindwa, na pointi zinashuka.

Kibondo nilikuta dini nyingine. Gari liliniteremsha mchana, nusu ya njia mtandao ukija na kuondoka, na benchi la kwanza nililolipata, kwenye kibanda cha fundi simu, lilikuwa la Free Fire. Wachezaji wanne, skwadi kamili, mabega yamegusana. Hawakutumia maikrofoni ya gemu hata kidogo, maana sauti inakula bando na inachelewa, na wao wako hatua sifuri kutoka kwa mwenzao. Walipeana habari kwa vifupi: "mnara, mmoja", "kashuka", "ninyanyue", "wa kushoto nyuma ya gari". Skwadi ambayo wachezaji wake wamekaa mbali mbali haiwezi kuwasiliana kwa kasi hiyo. Bando lilikuwa la mmoja tu, wengine watatu wamejiunga kwenye simu yake. Nikauliza nani kapteni. Wote wakamwonyesha yuleyule mwenye bando, ambaye, kwa niliyoyaona kwa macho, ndiye aliyekuwa na shabaha mbovu kuliko wote. Walimzunguka kila mahali kama mayai. Nilidhani ni heshima, kumbe ni hesabu: akichukia akazima simu, skwadi nzima imekufa.

Nikawaeleza mambo ya mpwa wangu na kilima chake. Walimcheka. Free Fire halina nusu saa ya kulala mlimani, walisema; zoni inasinyaa mbio, ramani ni ndogo, na kila mtu ana ukuta wa barafu. Huo ukuta ndio moyo wa gemu. Unabonyeza, ukuta unaota mbele yako papo hapo hata ukiwa uwanja mtupu, na stadi wa kweli anaonekana kwa jinsi anavyouotesha huku anakimbia, anachuchumaa, anatokeza upande wa kulia, anavuta kitufe cha kufyatulia kwenda juu ili risasi iishie kichwani, anarudi nyuma ya ukuta. Mmoja wao alifanya yote hayo kwa pumzi moja, na nilipoomba arudie polepole hakuweza. Vidole vilikuwa vinajua, yeye hajui.

Niliketi nao mechi sita. Ubishi wao ulikuwa na ukweli, ila nilichokiona mechi ya tatu kilinirudisha Kasulu. Walikutana na skwadi nyingine karibu na nyumba mbili, wakapigana vizuri, wakawashusha watatu. Walikuwa wanammalizia wa nne, kelele benchi zima, hata fundi ameacha kuchomelea, ndipo skwadi ya tatu iliyokuwa imekaa kimya muda wote ikashuka kutoka mgongoni na kuwafagia. Vita vya panzi, neema ya kunguru. Kuanzia mechi ya nne mwenye bando akapewa kazi mpya: wenzake wakipigana, yeye asipige, ageuke nyuma tu na kutazama. Shabaha yake mbovu haikuwa hasara tena. Mechi ya tano walishinda.

Hata mashindano makubwa yanawapa haki waliokaa kimya. Kwenye mfumo wa pointi wa mashindano rasmi ya Free Fire, skwadi 12 zinaingia, na inayobaki ya mwisho inapata pointi 12, ya pili 9, ya tatu 8, ikishuka hivyo hadi 1 kwa ya kumi. Kila adui unayemuua ni pointi moja. Chukua kalamu. Skwadi iliyoua saba ikafa ya kumi na moja ina pointi 7. Skwadi iliyoua wawili tu ikafika ya pili ina 11. Benchi la Kibondo lilikuwa halijawahi kuiweka hesabu hiyo kwenye karatasi. Nilipoiandika nyuma ya risiti ya vocha walikaa kimya kidogo, kisha mmoja akasema kuua saba ni raha bwana. Sikuwa na jibu la hilo.

Kuna jambo ambalo sikutaka kulikwepa. Mikoa michache ya nchi hii imesogelewa na milio halisi ya bunduki kama mkoa huu. Kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa watu waliokimbia vita vya Zaire. Nduta, wilaya ya Kibondo, ilifunguliwa tena 2015 Warundi walipovuka mpaka kwa maelfu. Na kabla ya hao walikuwepo Warundi waliokimbia mwaka 1972. Mmoja wao, mzee sasa, anaishi nyumba ya tatu kutoka saluni ile. Alivuka akiwa kijana wa umri wa hawa wa benchini. Jioni moja spika ya simu ilikuwa wazi, bunduki za pabji zinarindima, naye akapita na jembe begani. Hakugomba. Alisimama, akasikiliza kidogo kichwa kimeinama upande, akasema kwa utulivu kwamba ile sauti siyo. Ya kweli, alisema, hulia mara mbili, moja pale inapopita na nyingine pale inapotoka. Kisha akaenda zake. Kinyozi akainama, akachomeka spika za masikioni kwenye simu bila mtu kumwambia, na tangu siku hiyo hapo saluni wanacheza nazo. Zinasaidia hata mchezo, kwa kuwa nyayo za adui zinasikika kushoto au kulia kwa usahihi ambao spika ya nje haiwezi kuutoa. Lakini hawakuanza kuzivaa kwa ajili hiyo.

Wazazi niliozungumza nao hawana shida sana na bunduki. Wana shida na saa, na wana shida na fedha. China mwaka 2021 iliwawekea walio chini ya miaka 18 saa tatu tu za gemu za mtandaoni kwa wiki. Hapa sheria ni mama na bei ya bando. Mechi yenyewe haili sana. Kinachokula ni masasisho, ambayo yanakuja makubwa na yasiposhushwa huchezi, kwa hiyo wenye busara wanasubiri bando la usiku, au wanarushiana faili kutoka simu hadi simu. Zile nguo za kung'aa na bunduki zenye rangi ya dhahabu, zinazonunuliwa kwa fedha halisi, nyingi ni mapambo. Mpwa wangu anavaa shati la bure la kahawia, na anadai ndiyo nguo bora zaidi kwenye gemu lote kwa sababu inafanana na udongo. Na wale wanaouza programu za kuonyesha maadui nyuma ya kuta, wakwepe. PUBG likikukamata linakufungia akaunti kwa miaka kumi. Kuna kijana pale Kasulu ambaye yake inafunguliwa atakapokuwa na miaka ishirini na tisa, na watu wanamtania kwamba wataenda kumpokea getini.

Turudi kwa mpwa wangu kilimani, tulikoacha watu kumi hai. Zoni ikasinyaa mara mbili zaidi, na mara zote kilima kikabaki ndani. Hiyo ni bahati, hakuna mbinu hapo. Wakabaki sita, wakabaki wanne, na mpwa wangu bado hajafyatua. Mteja wa kinyozi alikuwa amesimama sasa, shuka jeupe shingoni, nusu upara. Wakabaki watatu. Wawili wakaonana bondeni, mmoja akaanguka, na aliyeshinda akachuchumaa kujitibu palepale, wazi, mgongo ametugeuzia.

"Sasa," mpwa wangu akasema, na akavuta pumzi.

Kioo kikageuka cheupe. Gemu likazama nyuma, likaandikwa MAMA kwa herufi kubwa, na simu ikaanza kutetemeka.

Alikuwa na sekunde ya kukata. Nilimwona akiitumia kufikiri. Kidole kikaenda kwenye kijani.

"Shikamoo mama... Ndiyo... Nipo na mjomba... Ndiyo mama, ya kopo... Na mkaa. Nimesikia, mama."

Mtandao ulipotulia na gemu likarudi, askari wake alikuwa ameshageuka sanduku la mbao, na juu ya kioo pameandikwa nafasi ya pili. Hakusema kitu. Alisogeza kidole hadi kwenye takwimu za mechi, akanigeuzia simu nione: dakika 28, risasi zilizofyatuliwa, sifuri. Kisha akaitia mfukoni, akaniuliza kama nina shilingi mia tano ya kujazia kwenye mkaa.

Kinyozi akamrudisha mteja wake kitini.